Ulimwambia Nini Matiasi?

Nyakisasa, Ngara
19 Novemba 1978

Dada yangu Verediana,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Natumaini mvua imekwisha shika na huko Nyamahanga, na mgongo unakuruhusu kuinama shambani. Sisi hapa tunaendelea. Wifi yako Koleta anakusalimu sana; goti lake limepungua uvimbe tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto. Jiko tumeliezeka upya na safari hii halivuji. Maharage yameota. Senene walianguka kwa wingi wiki ile, watu wakahangaika nao siku mbili nzima, kisha kila mtu akarudi kwenye redio ya mwalimu mkuu. Tunasikia daraja la Kyaka limevunjwa, na watu wa ng'ambo ya mto wamekimbia na watoto mgongoni.

Sasa habari za Matiasi. Alifika salama Jumatatu ya tarehe sita, barua yako ameiweka ndani ya soksi. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Umesema nimshike hapa mpaka vita viishe, hata kama ni kwa kumfunga kamba. Dada, hakukaa. Jumatatu iliyofuata aliondoka na vijana sita wa hapa kwenda Ngara mjini kujiandikisha. Tulizungumza naye. Ana miaka ishirini na moja, si mtoto wa kufungiwa zizini.

Nisikuache na huzuni tu. Siku chache kabla hajaondoka tulikwenda msituni kutazama mizinga. Tukiwa njiani alitujia ndege wa asali, akawa analia mbele yetu, anaruka mti hadi mti, anatusubiri. Hatukuiona asali. Tuliona ndege tu, na tulimfuata. Nikamwambia Matiasi kwamba ndivyo Mungu anavyomwita mtu: hamwonyeshi mwisho wa njia, anampa sauti ya kuifuata hatua kwa hatua. Jumapili iliyofuata niliwafundisha Wakristo wa kigango hayo hayo, na wengi walinishukuru. Nakuandikia na wewe yakutie nguvu. Aliyemwita mwanao anajua anakompeleka.

Mdogo wako,
Novatus


Nyamahanga, Biharamulo
3 Desemba 1978

Kwa Novatus,

Milele amina. Marahaba. Barua yako imenifikia jana. Imekaa posta siku ngapi sijui, ila imekuta nimekwisha sikia. Mtu wa Kasulo aliyepita hapa na lori la pamba alisema alimwona Matiasi Ngara mjini kwenye foleni, amevaa shati la bluu nililomshonea. Nilikuwa napalilia mtama. Niliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, nikarudi nyumbani.

Mimi mzima. Mgongo ni ule ule. Naandika mwenyewe barua hii, darasa la watu wazima limenifaa, kwa hiyo hakuna mtu atakayekupunguzia maneno yangu.

Novatus, mimi nina mtoto mmoja. Unajua kwa nini ni mmoja, uliwazika wawili wengine kwa mkono wako. Unajua pia jinsi Alfonce alivyokufa. Mwaka ule wa operesheni tuliambiwa tuhamie kijijini, tukashusha bati na mlango, tukalala wiki mbili chini ya turubai kwenye mvua, na mume wangu akaanza kukohoa. Hakuacha kukohoa mpaka tulipomzika. Sikumlaumu mtu. Wengine walipata maji karibu na shule, na Matiasi alisoma hapo. Nilisema basi, nimetoa changu. Ndiyo maana niliposikia vita nilimtuma mwanangu kwako. Nilidhani nyumba ya katekista ni mahali pa kumweka mtu.

Unaniambia habari za ndege. Umemsahau baba mdogo Nyandwi? Naye alimfuata ndege wa asali, mchana kweupe, akaingiza mkono kwenye mti wenye shimo na humo mlikuwa na nyoka, kifutu. Tulimbeba kwenye machela akafia njiani. Ndege alikuwa yule yule, na sauti ile ile. Hilo nalo uliwafundisha Wakristo wako?

Nakuuliza mambo mawili. La kwanza, umeandika "tulizungumza naye". Ulimwambia nini Matiasi? La pili, mwanao Privatus naye ameondoka? Barua nzima hukumtaja.

Dada yako,
Verediana


Nyakisasa, Ngara
28 Desemba 1978

Dada yangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Heri ya Noeli na mwaka unaokuja. Padri alifika kigangoni tarehe ishirini na sita badala ya ishirini na tano, maana gari la misheni lilichukuliwa kubeba mahindi ya askari. Tuliimba hivyo hivyo. Koleta alichinja jogoo.

Nina habari njema. Matiasi ameniandikia kutoka kambini. Ni mzima, anakula vizuri, amefundishwa kutumia bunduki na amesifiwa kwa kutembea. Anasema vijana wa kwetu wanawashinda wenzao kwa kupanda milima. Anakusalimu.

Dada, nimeyasoma maneno yako na nimeyaombea. Ya baba mdogo Nyandwi nayakumbuka. Uchungu wako naufahamu. Wiki ya Majilio ulitupitia upepo mkali, na asubuhi nilipokwenda kwenye migomba nikakuta kitu cha kushangaza. Ile myembamba isiyo na mkungu imesimama. Ile yenye mikungu mikubwa imelala chini, ila mitatu niliyokuwa nimeiegemezea miti ya panda. Nikakaa pale nikawaza. Aliyebeba kizito ndiye anayeangushwa na upepo, lakini akiwa na cha kuegemea, hata kama amebeba mkungu wa kushinda nguvu zake, atabaki amesimama. Wewe umebeba kizito. Egemea kwa Kristo, dada. Usisimame peke yako.

Karatasi imeisha. Privatus anakusalimu.

Mdogo wako,
Novatus


Nyamahanga, Biharamulo
21 Januari 1979

Novatus,

Salamu za Privatus nimezipata. Kwa hiyo yupo.

Nami nimepata barua ya Matiasi, ya kwanza na ni fupi. Askari mmoja aliyepewa ruhusa ya kuzika mama yake aliileta mpaka ofisi ya kijiji. Nakuandikia yote jinsi ilivyo: "Mama shikamoo. Mimi sijambo. Usinililie. Niliondoka kwa mjomba bila kukuaga, Mjomba atakueleza. Tunakaribia kuvuka. Mwanao Matiasi."

Mjomba atakueleza. Nimekaa nangoja Mjomba anieleze. Mjomba ananieleza migomba.

Nikujibu basi habari za migomba. Mti wangu wa panda ulikuwa Matiasi. Mimi ndiye niliyeung'oa mwenyewe nikauleta kwako uutunze, na wewe umeupeleka pengine. Sasa unaniuliza kwa nini nayumba.

Hapa nyani wameingia mahindi. Wanakuja saa nne asubuhi, wakubwa mbele, wala hawaniogopi. Wanajua mwanamke. Nikirusha jiwe wananitazama tu. Dume moja lilikaa juu ya kichuguu likamenya hindi langu taratibu, linanitazama usoni mpaka likamaliza. Huyo naye ameumbwa na Mungu. Nilijaribu kutafuta fundisho kwake kama unavyofanya wewe, nikakosa. Au nilipata, lakini si la kusomwa kanisani.

Kanisani naenda. Napiga magoti na wenzangu. Maneno hayaji. Padri akisema "tuwaombee askari wetu" wanawake wote wananigeukia, na mimi natazama sakafu.

Sitakuuliza mara ya tatu kwa upole. Ulimwambia nini?

Verediana


Nyamahanga, Biharamulo
25 Februari 1979

Novatus,

Wiki tano. Hujajibu.

Barua hii anakuletea Sabiti, mfanyabiashara wa dagaa wa Biharamulo mjini. Ni Mwislamu, mtu wa neno lake. Mwaka ule tulipokuwa chini ya turubai alitugawia mkeka, na hajawahi kunikumbusha. Anapeleka mzigo Ngara na nimemwomba apite kwako. Nimemwambia asiondoke bila jibu. Akiambiwa umeondoka kwenda kufundisha vigangoni, atangoja. Akiambiwa unaumwa, atakaa nje mpaka uweze kushika kalamu.

Redio inasema majeshi yetu yako ndani kabisa. Watu wanashangilia. Mimi nataka kujua jambo moja tu.

Verediana


Nyakisasa, Ngara
2 Machi 1979

Dada Verediana,

Sabiti amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango. Koleta amempa chai, amekunywa, amesema asante, na bado amekaa. Hajanisemesha. Ananitazama ninavyoandika.

Nakueleza.

Matiasi alipofika hakuwa na nia ya kwenda vitani. Nilikuficha hilo. Alikuja na barua yako kwenye soksi na alikuwa amekubali kukaa. Alisema atanisaidia mizinga na akirudi nyumbani ataweka ya kwake. Mtu aliyekuwa hana amani ni mimi. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akiandika majina ya vijana wanaojitolea, na kila boma lilikuwa linatazamiwa. Alipopita kwetu hakunilazimisha. Alisema tu, "Katekista, wewe unafundisha watu sadaka. Tutaona." Akaenda.

Privatus na Matiasi wamezaliwa mwaka mmoja.

Ijumaa tulikwenda msituni sisi watatu. Ya ndege nilikuandikia. Ya mzinga sikukuandikia. Tulipofika kwenye mzinga wa mti mkubwa tulikuta siafu wanapanda shina, kamba nyeusi nene kama mkono wangu. Nyuki walikuwa wamejaza mlango wa mzinga. Walikuwa wanashuka kuwakamata siafu, wanaanguka nao chini, wanafia kwenye majani, na wengine wanatoka kuchukua nafasi. Ndugu yangu, sijawahi kuona kitu kama kile. Matiasi alisimama kama amepigwa msumari.

Nikamwambia, "Unaona? Hakuna nyuki anayemwambia mwenzake, nenda wewe. Hakuna anayejificha ndani kwenye asali. Ndivyo Bwana wetu alivyofanya, akautoa uhai wake kwa ajili ya nyumba."

Aliniuliza, "Mjomba, unasema na mimi?"

Nikasema, "Nasema ninachokiona."

Akaniuliza, "Mama je?"

Nikamjibu, "Mama yake Yesu naye alisimama chini ya msalaba."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Privatus alikuwa nyuma yangu ameshika ndoo. Sikugeuka kumtazama. Niliogopa nikigeuka na yeye atadhani nasema naye.

Kuna jambo moja zaidi na nikiliacha nitakuwa sijajibu. Kila mfuga nyuki wa huku akienda msituni wakati wa mvua hubeba jivu kwa ajili ya siafu. Unalimwaga kuzunguka shina wanaacha kupanda. Nilikuwa na kopo zima begani. Sikulimwaga. Nilingoja mpaka fundisho liishe, mpaka nikaona machoni mwake limeingia, ndipo nikalimwaga.

Jumatatu alipoondoka na wale vijana nilimwekea mkono kichwani nikambariki. Mwenyekiti akaandika boma letu limetoa mmoja.

Sabiti amesimama. Sina la kuongeza.

Novatus


Nyamahanga
18 Machi 1979

Novatus,

Ulikuwa na jivu.

Usiniandikie tena.

Verediana


Nyakisasa, Ngara
15 Aprili 1979, Jumapili ya Pasaka

Dada,

Shikamoo. Umenikataza na nimetii mwezi mzima. Leo naandika kwa sababu ya Privatus, nakuomba uifungue.

Mji wao mkuu umeanguka. Hapa watu wamepiga ngoma tangu Alhamisi. Hakuna aliyeniletea habari za Matiasi. Niliuliza wilayani mara mbili wakasema orodha hazijafika.

Barua yako ya mistari miwili nilimsomea Koleta, nikidhani tuko peke yetu. Privatus alikuwa nyuma ya ukuta anatengeneza mpini. Akaingia. Hakupaza sauti. Alisema, "Baba, siku ile nilidhani umesahau kwamba una kopo begani. Nimejiambia hivyo miezi mitano."

Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

Akasema, "Lile jivu ulilizuia kwa ajili yangu. Sasa mimi nitaishije nalo?"

Jumatatu ya wiki kuu tuliamka tukakuta hayupo. Amechukua jembe, panga na blanketi. Koleta halali. Mwanzoni tulidhani amekwenda jeshini, lakini mtu hachukui jembe kwenda jeshini. Nadhani anakuja kwako kwa miguu. Akifika mfukuze ukitaka, nitaelewa. Ila umjulishe Koleta kwamba mwanawe yu hai.

Nimekwenda kwa padri, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, nikamwomba aniondoe kufundisha. Akasema niendelee kufungua kanisa na kufagia, nikae kimya mpaka atakaponiambia. Nafagia. Leo watu walingoja niseme neno la Pasaka kama kila mwaka. Nilikaa benchi la nyuma. Barua hii haina fundisho.

Novatus


Nyamahanga
6 Mei 1979

Naandika kwa ajili ya Koleta, umsomee.

Wifi yangu, mwanao yupo. Alifika Ijumaa Kuu saa tisa alasiri, miguu imechubuka, viatu ameviweka begani. Alisimama kwenye ua akasema, "Shangazi, shikamoo." Sikumwitikia. Sikuweza. Nilimtazama nikaona amevaa mabega ya Matiasi, maana ninyi mnafanana wote ukoo mzima, nikaingia ndani nikafunga mlango.

Alilala kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Asubuhi nikamkuta shambani. Tangu siku hiyo hajaacha. Amemaliza kupalilia mtama, amefyeka mpaka wa nyani, anashinda pale na kombeo. Tangu dume lile limjue halionekani tena. Mchana namwekea chakula juu ya gogo, naondoka. Anakula, anaosha sahani, anairudisha kwenye gogo. Hatuzungumzi. Sijamwambia karibu. Sijamwambia ondoka.

Ni mzima. Ulale.

Matiasi bado.

Verediana


Nyamahanga, Biharamulo
19 Agosti 1979

Kwa mdogo wangu Novatus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Koleta hajambo na goti lake? Hapa mavuno yamekuwa ya wastani, mtama umetoka vizuri kuliko mahindi. Sabuni hakuna dukani tangu Juni, chumvi ya kubahatisha. Sabiti alipata mjukuu wa kike, amemwita Mwanamvua.

Nikueleze. Vita vilipokwisha, askari walianza kurudi, na mimi nikawa nakwenda barabarani kila siku lori linapopita. Sikuwa peke yangu, tulikuwa akina mama wanne. Mmoja mmoja alipata wake, mpaka nikabaki. Tarehe kumi na nne Julai likaja gari la wilaya. Waliteremka watu wawili wa ofisi na kijana mmoja wa jeshi anayeitwa Audax, mwenyeji wa Nyakahura. Nilikuwa napepeta mtama. Nilipowaona wamevua kofia niliweka ungo chini polepole, nafaka isimwagike. Sijui kwa nini niliijali nafaka.

Mwanangu alikufa tarehe ishirini na mbili Februari, njiani kabla ya Masaka. Siku ile namkabidhi Sabiti barua akusimamie mlangoni, Matiasi alikuwa na siku tatu ardhini. Nilikuwa nagombana na wewe kwa ajili ya mtu aliyekwisha ondoka. Audax alikuwa naye. Matiasi alikwenda kuchota maji ya wenzake kwenye kijito na bomu likaanguka pale. Hakuteseka, na huyo kijana nilimtazama sana usoni, naamini hakunidanganya. Nilimwuliza kama Matiasi alinitaja. Akasema, "Hapana mama, hakupata nafasi." Nikamshukuru. Wengi wangesema ndiyo.

Privatus alitoka shambani mbio alipoliona gari. Alisimama nje ya ua, hakuthubutu kuingia. Alilia yeye kuliko mimi. Watu wa wilaya walidhani ni ndugu wa tumbo moja, wakampa mkono wa pole. Sikuwasahihisha. Lakini walipoondoka nilimwambia, "Sasa rudi kwenu. Kazi yako imekwisha." Ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia tangu afike. Alisema, "Ndiyo shangazi." Asubuhi yake akawa shambani.

Wiki mbili sikwenda kanisani. Kama kuna Mungu anayesema na watu kwa viumbe vyake, nilimwambia anyamaze, nimesikia vya kutosha kutoka nyumba yako.

Sasa nakuja kwenye jambo linalonifanya niandike. Una habari ya ng'ombe wangu mwekundu, yule wa mahari ya marehemu shangazi. Alizaa mwishoni mwa Julai, na ndama akafa siku ya nne kwa homa ya kupe. Ng'ombe akakataa kukamuliwa. Kiwele kilijaa mpaka kikawa kinang'aa. Ukimgusa anapiga teke. Alisimama kwenye lango analia kutazama mahali tulipomburuta ndama. Niliona atapata jipu afe naye, na nikasema afe.

Privatus hakuniuliza. Alikwenda kwa balozi, ambako ng'ombe alikufa akaacha ndama, akarudi amembeba mabegani. Akasimama mlangoni akaniambia, "Shangazi, naomba chumvi." Nilikuwa na fungu moja lililobaki, nimelificha. Sikutaka kumpa. Nikampa. Akaisugua mgongoni mwa yule ndama, akamwingiza zizini.

Ng'ombe alimnusa akampiga pembe. Siku ya kwanza alimwangusha mara tatu. Siku ya pili alimlamba chumvi mgongoni, na ndama alipotafuta chuchu akapigwa teke la mdomo. Nilikuwa nimesimama kwenye ua nimejishika kiuno. Nikajikuta nasema kwa sauti, "Mpige. Si wako. Mpige." Privatus alikuwa ndani ya zizi, alisikia. Hakugeuka.

Siku ya tatu asubuhi nilitoka kumwaga majivu nikamwona ng'ombe amesimama kimya, ameinamisha kichwa, na mkia wa yule ndama unacheza. Ananyonya. Privatus amechuchumaa pembeni ameshika kamba, analia bila sauti.

Novatus, hakuna aliyenihubiria. Niliona kwa macho yangu, na nikaelewa mara moja ninaambiwa nini na anayeniambia ni nani, na nilikasirika. Nilikasirika hata nikarusha kigae cha majivu. Nikamwambia Mungu waziwazi, pale uani, kwamba si haki, yule si wangu, wangu yuko Masaka. Ndiyo sala yangu ya kwanza tangu Novemba. Nilipomaliza nilikuwa nimekaa chini, na maneno yalikuwa yanakuja, yale ya zamani, Baba yetu uliye mbinguni. Nilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea nilinyamaza. Nikaanza tena. Nikanyamaza pale pale. Bado nanyamaza pale pale, sikufichi. Ila kila siku naanza tena.

Mchana ule sikuweka sahani juu ya gogo. Nilimwambia Privatus aje ale ndani. Alivua kofia mlangoni. Amelala kwenye chumba cha Matiasi tangu siku hiyo, na nimempa blanketi la mwanangu.

Padri atasoma misa ya Matiasi Jumamosi tarehe moja Septemba. Njoo, umlete na Koleta. Usiniandikie kuniomba radhi, njoo unitazame usoni. Ukifika usihubiri. Utakaa na mimi benchi la mbele, na padri akifika kwenye sala ile, utaisema kwa sauti nikusikie, ili nikishindwa pale ninaposhindwa, uendelee mbele yangu.

Na siku padri atakapokurudishia ruhusa ya kufundisha, nakujua, utataka kuwaambia watu habari ya ng'ombe wangu. Waambie. Lakini uiseme yote. Usije ukasema amesahau ndama wake. Kila jioni wakirudi malishoni husimama pale langoni, anatazama kule tulikomburuta, analia. Halafu anaingia ndani, na maziwa anayaachia.

Dada yako,
Verediana